Jalada la ramani lilikuwa linamwita nani? (Sehemu ya 6)

Nesi wenu wa Nyasubi nimetoka zamu ya usiku, nimelala kidogo, mtoto yuko shule, maharage yako jikoni. Leo naendelea na zile historia za vitu vinavyopita mikononi mwetu bila kuulizwa vilikotoka. Tulishaongelea kadi ya kliniki, tukaongelea kanga. Leo ni ramani, na hasa jalada la ramani. Najua kuna mtu atasema nesi kachanganyikiwa, ramani na mtoto wangu wapi na wapi. Vumilia, tutafika mpaka kwenye namba 115.

Tuanze na kitu ambacho huenda kiko kabatini kwako. Kama baba wa nyumbani ana leseni ndogo ya uchimbaji, ile wanayoiita PML, itoe uisome. Mahali fulani utakuta herufi QDS na namba. Vijana wa Kakola, Lwamgasa na Nyarugusu wanaitaja hiyo QDS kila siku kama wanataja bei ya sukari, lakini ukimuuliza mmoja ni nini atakwambia "ni ya serikali hiyo". Ni karatasi ya robo digrii. Waingereza walipokuwa wanatawala Tanganyika waliigawa nchi nzima kwenye miraba. Kila mraba upande wake ni nusu digrii, kama kilomita 55 hivi kwa 55. Minne ikikaa pamoja inafanya digrii moja kwa moja, ndiyo maana mmoja ukaitwa robo. Kila mraba ukapewa namba yake. Bendera yao ilishuka 1961, namba zikabaki, na mpaka leo mtu akitafuta dhahabu Geita au Kahama anatafuta ndani ya miraba ile ile.

Sasa ukienda Idara ya Upimaji na Ramani kununua ramani ya eneo lako, unapewa karatasi kubwa, unaiviringisha kama mkeka, unaondoka. Haina jalada. Ina namba, ina jina, ina maelezo ya alama pembeni, basi. Na watu wale wale waliotuachia hizi karatasi tupu, kwao Uingereza walikuwa wanatengeneza ramani zenye majalada mazuri kiasi kwamba leo watu wazima wananunua ramani kuukuu kwa ajili ya jalada tu, wala hawaendi popote nazo. Wanaziweka kwenye fremu, wanatundika sebuleni.

Hii ilinikaa kichwani. Kwa nini kwao jalada na kwetu karatasi tupu? Nikaanza kufuatilia.

Idara ya ramani ya Uingereza inaitwa Ordnance Survey. Hilo neno la kwanza ni mambo ya mizinga na silaha za jeshi, na ndivyo ilivyoanza, mwaka 1791, wakati Waingereza wanaogopa Ufaransa itawavamia. Ramani yao ya kwanza ilitoka 1801, ya jimbo la Kent, upande ule unaotazamana na Ufaransa. Kwa hiyo mteja wa kwanza alikuwa afisa wa jeshi. Afisa hahitaji kubembelezwa na picha, anahitaji kujua mlima uko wapi na mto unavukwa wapi.

Miaka mingi baadaye raia nao wakaanza kununua. Walipewa karatasi bapa, au ramani iliyokatwa vipande na kubandikwa juu ya kitambaa ili ikunjwe bila kuchanika, halafu ikawekwa kati ya magamba mawili magumu. Jalada lilikuwa kavu kama daftari la mahudhurio: jina la idara, nembo ya Taifa, jina la mji. Kampuni binafsi kama Bartholomew zilikuwa zinauza ramani zinazopendeza zaidi, na watu wakaenda huko. Ilifika mahali serikali ikaunda kamati, mwaka 1914, kuangalia kwa nini ramani za serikali haziuziki na zifanyweje. Halafu vita ikaanza mwaka huo huo. Ordnance Survey ikachapisha ramani zaidi ya milioni 30 kwa ajili ya jeshi, na mambo ya kuuza yakasubiri.

Vita ilipoisha jeshi halikuhitaji tena ramani kwa wingi ule. Mashine zipo, mafundi wapo, mnunuzi hayupo. Mwaka 1919 wakamwajiri mchoraji wa matangazo ya biashara anaitwa Ellis Martin. Hakuwa mpimaji. Kazi aliyoijua ni kumfanya mtu asimame mbele ya dirisha la duka.

Jalada lake lililopata umaarufu ni la ramani za inchi moja kwa maili moja, zile walizoziita toleo la watu wote. Kuna mwanaume amekaa kwenye mteremko wa kilima, baiskeli yake iko kando, amefungua ramani. Chini yake bonde na kijiji. Basi. Hakuna mfalme, hakuna mzinga. Mtu wa kawaida siku ya mapumziko, anaangalia nchi yake. Ukiliangalia jalada hilo ukiwa dukani, karani au mwalimu au fundi, unasema huyu ni mimi. Na wakati ule baiskeli ndiyo iliyokuwa inamtoa mtu wa mjini kwenda kupumua, kama sisi tunavyopakiana bodaboda Jumapili.

(Hapa na mimi niseme langu kama mama. Huyo bwana yuko peke yake kilimani, ametulia kabisa. Watoto kamwachia nani?)

Baada ya hapo Martin alifanya kazi miaka zaidi ya 20, na majalada yakawa yanafuata maisha ya watu. Ramani za barabara zikapata picha ya motokaa, maana wenye pesa walishaacha baiskeli. Maeneo ya matembezi yakapata picha ya mahali penyewe: milima ya Snowdon, maziwa ya kaskazini mwa England, mto Thames. Mwaka 1924 ikatoka ramani ya Uingereza ya enzi za Warumi, nayo ikavalishwa jalada lake. Na tarehe 29 Juni 1927 jua lilipopatwa, wakawa wametoa ramani inayoonyesha kivuli kitapita wapi, na jalada lake. Fikiria idara ya serikali inamwandalia mwananchi ramani ya kwenda kuangalia jua likizimika.

Miaka ya 1930 kukawa na wimbi la kutembea kwa miguu milimani. Vijana wa mijini, hata wasio na ajira, mwishoni mwa wiki wanabeba mkoba mgongoni wanaondoka. Martin akamtoa mwendesha baiskeli. Kwenye toleo jipya akamchora mtembeaji, amekaa vile vile kilimani na ramani yake, na mkoba. Mlima ni ule ule, aliyebadilika ni mnunuzi, na ndipo nilipoelewa kwamba jalada halionyeshi kilichomo ndani ya ramani. Linaonyesha nani amekaribishwa kuifungua.

Ikaja vita nyingine. Mwishoni mwa 1940 mabomu ya Wajerumani yaliupiga mji wa Southampton, ofisi za Ordnance Survey zikaharibika vibaya, na Martin akaondoka kazini mwaka huo. Baada ya vita karatasi ilikuwa shida na pesa ilikuwa shida. Yule mtu wa kilimani hakurudi. Yakaja majalada ya nyekundu na krimu, nembo na jina, safi lakini hayana mtu. Ramani nyingine zikawa hazina hata gamba la kadibodi, jalada linachapwa kwenye karatasi ile ile ya ramani na kukunjwa juu. Mwaka 1974 wakahamia vipimo vya mita, skeli ya 1:50,000, na jalada likawa la pinki kali inayoonekana kutoka mlangoni mwa duka. Baadaye picha za kamera zikaingia, na mwaka 2015 wakawaomba wananchi wenyewe watume picha zao za kuweka kwenye majalada. Kutoka afisa wa mizinga mpaka mama wa mtaani anayetuma picha ya simu. Ni safari ndefu hiyo, karibu miaka 225.

Sasa turudi kwetu.

Mwaka 1946, Martin keshaondoka, vita imeisha, serikali ya Uingereza ikaunda idara nyingine ya ramani kwa ajili ya makoloni. Mkuu wake alikuwa Martin Hotine, mwanajeshi na mpimaji, na si mgeni wa nchi hii: mwanzoni mwa miaka ya 1930 alikuwa huku magharibi mwa Tanganyika akipima mstari mrefu unaofuata digrii 30 mashariki. Ndege za jeshi lao la anga, zile Lancaster zilizokuwa zinabeba mabomu kwenda Ujerumani, zikaletwa Afrika zikiwa na kamera badala ya mabomu. Zikapita juu, zikapiga picha, picha zikapelekwa Uingereza, na huko mafundi wakachora mito na njia na vilima vya watu ambao hawajawahi kuwaona. Kati ya kazi za mwanzo ilikuwa kupima ardhi kwa ajili ya ule mradi wa karanga wa Kongwa, ulioanza 1947 ukafa 1951.

Karatasi za kwanza zilikuwa za rangi moja, nyingi hazina hata mistari ya mwinuko, majina machache. Yaani kama picha ya ultrasound ya wiki za mwanzo: mwenye ujuzi anaona, wewe unaambiwa tu "huyu hapa". Hazikuwa na jalada kwa sababu hakuna aliyekuwa anabembelezwa. Mnunuzi alikuwa bwana shamba, bwana misitu, mhandisi wa barabara, mtafiti wa madini. Zinaenda kwenye droo ya ofisi. Mkazi wa Kahama alikuwemo ndani ya ramani, tena nyumba yake labda ni kadoti kadogo, lakini hakuhesabiwa kuwa ni mtu atakayeishika.

Na sio kwamba ramani hazikumgusa. Shinyanga ndiyo ilikuwa makao ya utafiti wa mbung'o chini ya Charles Swynnerton, aliyefariki kwa ajali ya ndege mwaka 1938. Kulichorwa wapi kuna pori, wapi kuna mbung'o, wapi kuna watu. Na kwa sababu ya malale, watu wa magharibi mwa Tanganyika walihamishwa kutoka kwenye mapori wakakusanywa kwenye makazi mapya. Kama nesi siwezi kusema malale ni jambo dogo, ugonjwa ule unaua, na kuwatoa watu kwenye mbung'o kuliokoa wengi. Lakini angalia mkono ulioshika karatasi. Mama anaambiwa hama na watoto wako, na ramani iliyoamua ahamie wapi iko mezani kwa mtu mwingine.

Ukitaka kuona kuwa hawakushindwa kututengenezea ramani nzuri, angalia Kilimanjaro. Mwaka 1965 idara ile ile, kwa jina jipya, ilitoa karatasi maalum ya mlima wote kwa skeli ya 1:100,000. Kule kulikuwa na watu wa kuinunua, wapanda mlima. Na siku hizi ukifika Arusha au Zanzibar utakuta ramani zilizochorwa kwa mkono na Mtaliano Giovanni Tombazzi, za Kilimanjaro, Serengeti, Ngorongoro, Zanzibar, zina wanyama na maua na majalada ya kupendeza hasa. Nilimnunulia mwanangu moja. Aliipenda, akaniuliza, "Mama, ya kwetu ipo?" Nikamwambia kwetu hakuna twiga. Akasema, "Lakini kuna dhahabu." Mimi ya Kahama sijawahi kuiona dukani.

Hapo ndipo historia inapoingia wodini.

Ramani ya Nyasubi ninayoijua mimi ni ile ya kuchorwa kwa makapeni. Ukiingia zahanati nyingi za mkoa huu utaiona ukutani, kwenye karatasi ya manila: barabara kwa nyekundu, mto kwa bluu, shule, kanisa, msikiti, mashine ya kusaga, ofisi ya mtaa, idadi ya watoto wa chini ya miaka mitano pembeni. Imechorwa na wahudumu wenyewe pamoja na wenyeviti wa mitaa. Mwaka 2022, baada ya polio kuonekana Malawi mwezi Februari, nchi yetu ilifanya kampeni za chanjo ya matone nyumba kwa nyumba, na michoro ya aina hii ndiyo iliyogawa timu: nyie anzieni kwenye mwembe, nyie malizieni kwenye karakana. Sehemu isiyochorwa haina timu. Na miji yetu inavyokua, Kahama imekuwa manispaa 2021, kila miezi sita kuna kona mpya ya nyumba ambayo haipo kwenye manila. Dhahabu ikitoka mahali, kambi inaota ndani ya wiki mbili na watoto wachanga wamo. Karatasi ya zamani ya robo digrii inajua mwamba ulio chini ya kambi hiyo. Mtoto aliye juu ya mwamba haijui.

Kwa hiyo mama, mtoto wako akikosa kutembelewa, usikae unalalamika kwa jirani. Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa au kituo cha afya kilicho karibu, waambie "kona yetu haimo, iongezeni". Kuongeza mstari kwenye manila ni dakika mbili.

Na sasa 115. Huu mfumo wa m-mama wengi mnaujua, ulianzia Sengerema ukaja mkoani kwetu Shinyanga, halafu kuanzia 2022 ukasambazwa mikoa mingine. Mjamzito, aliyejifungua ndani ya siku 42, au kichanga cha siku 28 kushuka, akipata dharura, piga 115 bure. Anayepokea anauliza hali ya mgonjwa, kisha anatafuta gari la wagonjwa, na kama halipo karibu anamtuma dereva wa jamii aliyesajiliwa. Lakini lazima ajue uko wapi. Na hapo ndipo nimesikia watu wakikwama. Mama anatokwa damu, shemeji ameshika simu, anaulizwa "mko wapi?" anajibu "hapa nyumbani". Nyumbani wapi? "Hapa kwa mama Kulwa." Mama Kulwa wako wangapi Usukumani jamani, kila mwenye mapacha ni mama Kulwa! Dakika tano zinaondoka. Kwa mama anayetokwa damu baada ya kujifungua, dakika tano ni nyingi sana.

Mwingereza wa 1919 alipewa jalada, akapewa na nchi yake mkononi. Sisi tuna kadi ya kliniki, ina jalada, na kila nyumba yenye mjamzito au mtoto inayo. Nyingi mmezivalisha nailoni ili zisilowe. Basi kata karatasi ukubwa wa kiganja, iweke ndani ya hiyo nailoni upande wa nje, isomeke bila kufungua. Andika mtaa na jina la mwenyekiti. Andika alama kubwa ambayo dereva yeyote wa Kahama anaijua: shule, kituo cha mafuta, stendi, kisima cha maji. Halafu njia kutoka hapo: kushoto au kulia, nyumba ya ngapi, rangi ya geti au bati. Kama gari haliwezi kufika mpaka mlangoni, andika linaishia wapi, na nani atasimama hapo na tochi. Chora na kamchoro kama unaweza, hata kabaya.

Kisha mwite atakayebaki na wewe usiku, mume, mdogo wako, bibi, binti wa kazi, umwambie asome kwa sauti kama vile anaongea na 115. Akikwama mahali, hapo ndipo dereva naye atakwama, parekebishe. Tumieni kalamu ya wino usiofutika, maana kwa mvua za huku nimeshapokea kadi ambazo hata jina la mtoto lilikuwa limeondoka na maji.

Sehemu ya 7 ni mizani ya kupimia watoto, ile ya kuning'inia kwenye mti. Wenye picha zake za zamani nitumieni, ila za watoto wenyewe msinitumie.